Majoho Ishirini na Nane na Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 1996

Daftari jipya. Maisha mapya. Niko Lushoto, barazani kwa Mzee Jafari, mbele ya cherehani yangu. Ukungu umefika hadi kwenye pedali. Vidole vimekufa ganzi. Lakini moyo! Moyo unawaka.

Naandika kwa amri ya Sista Yusta. Yusta ni muuguzi, mtoto wa hapa hapa, amerudi mwanzoni mwa mwaka huu kutoka Denmark alikokaa mwaka mzima akisomea magonjwa ya akili. Jumamosi alikuja kuchukua sketi yake ya kazi aliyoniletea kabla ya Pasaka. Sketi hakuiona. Aliona nguo tisa zilizoanzwa, pampu ya baiskeli iliyofunguliwa, nusu ya mzinga wa nyuki, na mimi chini ya meza natafuta mkasi niliokuwa nimeushika mkononi.

Nilisubiri matusi. Nimeyazoea. Badala yake akavuta kigoda, akaanza kuuliza. Je, shuleni nilikuwa nachapwa kwa kutazama dirishani? Kila siku. Je, naanza mambo kumi na kumaliza moja? Nikamwomba anitajie hilo moja. Je, mtu akizungumza nami huwa nafikiria nini? Nikamwomba arudie swali.

Akasema si uvivu. Si ujinga. Wala sikurogwa. Kuna watu huzaliwa hivi, akili yao ni kama mbuzi aliyekata kamba: anakula vizuri sana, ila kwenye shamba la kila mtu. Zamani ilidhaniwa ni shida ya watoto tu. Siku hizi huko Ulaya wanasema mtoto huyo hukua nayo. Ina jina refu la Kiingereza. Kwa Kiswahili akaliita upungufu wa umakini na kutotulia. Lile la Kiingereza nililiandika kwenye karatasi. Karatasi imepotea.

Nina miaka arobaini na moja. Nimeitwa mengi. Hilo halikuwamo. Nikaenda nyuma ya duka nikasimama kidogo. Moshi wa mkaa ulikuwa umeniingia machoni.

Sista aliniachia masharti. Kazi moja mezani, nyingine zote kabatini. Kazi kubwa ikatwe vipande vidogo. Saa ya kengele. Mtu wa kukaa karibu nami ninapofanya kazi, asiseme kitu, akae tu. Kila siku niandike. Na juu ya yote: nisikubali kazi papo hapo, niseme kwanza nitajibu kesho.

Leo saa nne akaja Mwalimu Danieli wa kwaya ya Walutheri. Anataka majoho ishirini na nane. Zambarau, kola nyeupe. Mashindano ni Bumbuli, Jumapili ya tarehe 23. Alianza kwa Tobia, fundi mwenzangu wa pembe ya pili ya baraza hili. Tobia akakataa, ana sare za shule. Anakataa kazi! Mtu wa ajabu.

Nikakubali papo hapo.


Jumanne, 4 Juni

Leo niseme habari za Tobia, kwa sababu naye ni sehemu ya ugonjwa wangu. Tobia hupima mara mbili. Chaki yake ina kikopo. Kikopo kina kifuniko. Kifuniko kina kamba. Akimaliza suruali, mteja ndiyo kwanza anatokea kwenye kona kuja kuichukua. Ni mambo ya kumkasirisha mtu.

Wazo limenijia saa tatu: kama nina ugonjwa, watu wajue! Mtu mwenye mguu mbovu hakimbizwi. Nikachukua kipande cha kadibodi, nikaandika kwa rangi nyekundu: FUNDI ANA UPUNGUFU WA UMAKINI. ASIHARAKISHWE. Nikakitundika juu ya kichwa changu. Kazi nzuri sana. Herufi nilizipamba kwa vivuli. Ilichukua hadi adhuhuri.

Mama mmoja kutoka Soni akasoma, akakunja kitambaa chake, akasema ataleta siku nyingine. Mwingine akaniuliza kama inaambukiza. Mwalimu Danieli alipita kwa baiskeli, akasoma, akapita, akageuka, akasoma tena.

Nilipotoka kuswali, Tobia alikuwa ametundika cha kwake. Herufi ndogo, zilizonyooka. HAPA UMAKINI UPO.

Nimekishusha changu. Yeye chake bado.

Jioni Mzee Jafari, mwenye baraza, akaniita dukani. Akanikumbusha gauni la Salama, bi harusi niliyempelekea gauni siku tatu baada ya harusi. (Lilimkaa vizuri mno. Basi tu.) Akasema kuna mtu wa mitumba anaitaka pembe yangu. Siku hizi marobota yanashuka kila wiki, watu wanavaa nguo za wazungu waliokufa, fundi wa nini? Akasema mteja mmoja tu mwingine akipiga kelele kwenye baraza lake, cherehani yangu itafute mvua ya kunyeshewa.

Nikamwambia asihofu, nina daftari.


Alhamisi, 6 Juni

Saa ya kengele! Nimeazima kwa shemeji. Nikaitega ilie kila baada ya dakika ishirini ili initoe mawazoni.

Ikalia mara ya kwanza. Nikaruka, nikajichoma sindano. Ikalia mara ya pili, mbuzi wa Mzee Jafari akakata kamba. Leo ni siku ya soko, watu wamejaa. Ilipolia mara ya tatu, mama anayeuza mapeasi akadhani ni shule imetoka, akaanza kufungasha.

Nikaona kasoro si ya mtu, ni ya kengele. Sauti kali mno. Nikaifungua nyuma nipunguze ukali. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo watu hawaambiwi: ndani ya saa kuna magurudumu kumi na moja, na kila moja lina kazi yake, na hakuna hata moja linalogusa kazi ya mwenzake! Nilitazama kwa heshima kubwa. Nilipoinua kichwa, soko lilikuwa limekwisha.

Nimeifunga. Imebaki springi moja nje. Saa inatembea, ila kwa hiari yake.

Majoho: sifuri.


Jumamosi, 8 Juni

Siku ya ushindi!

Sista Yusta alipita jana, nikamweleza habari za saa. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akasema watu wa aina yangu tuna upande wa pili: jambo likitushika kweli, tunazama humo kama jiwe kisimani. Akasema nisilidharau. Ila nisizame kabla ya kutazama kisima.

Leo nimezama. Meza nikaisafisha yote. Nikatandaza kitambaa cha zambarau tabaka nne nne, nikachukua daftari la vipimo aliloniachia Mwalimu Danieli, nikaanza kukata. Mkasi ulikuwa unaimba. Sikusikia njaa. Sikumsikia Hidaya, mke wangu, alipoleta chai. Nimeikuta na utando wa maziwa juu. Mara saba, tabaka nne nne. Majoho ishirini na nane yamekatwa kwa siku moja!

Tobia akasimama, akatazama rundo, hakusema kitu. Hakusema kitu! Nalala mfalme.


Jumapili, 9 Juni

Daftari la vipimo lina kurasa ishirini na nane. Ukurasa kwa kila mwimbaji.

Sikufunua hata mmoja. Nimekata majoho yote kwa ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa kwanza ni wa Silvano. Silvano anaimba besi. Silvano akiingia kanisani huinamia mlango.


Jumatatu, 10 Juni

Nimetafakari. Afadhali kikubwa kuliko kidogo. Kikubwa hupunguzwa, kidogo hakiongezwi. Kwa hiyo sijakosea. Nimekata kwa tahadhari.

Lakini sasa kila joho lazima lipimwe peke yake, likatwe tena, lipigwe bandi, lishonwe, lipindwe. Moja moja. Hakuna kuzama. Kazi ya moja moja ndiyo inayoniua mimi.

Basi nikashika sharti la mtu wa kukaa karibu. Nikamwita Omari, rafiki yangu tangu shule. Omari hana kazi tangu shirika la umma tulikofanya kazi lilipoanza kuvunjwa. (Tulipunguzwa pamoja, mimi nikiwa wa kwanza kwenye orodha. Wa kwanza! Na orodha haikufuata alfabeti.) Nikamwambia akae tu, asiseme kitu.

Omari alikaa. Hakusema kitu kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akasema amesikia wazungu wanaanza kuja kutembea milimani, wanataka kuonyeshwa njia, nchi imefunguliwa siku hizi, kila mtu na bahati yake. Nikasema kule Irente wanasimama tu mwambani wakitazama bonde, hawana hata pa kukaa. Omari akasema benchi. Nikasema benchi lenye kivuli. Omari akasema soda.

Saa nane tulikuwa Irente na futi yangu ya kupimia. Benchi litakuwa na urefu wa mita tatu na nusu. Mandhari nzuri sana. Mji wa Mombo unaonekana chini kama visanduku vya viberiti.

Majoho: moja. Na mkono mmoja wa la pili.


Jumatano, 12 Juni

Siku mbaya.

Mwalimu Danieli alikuja kutazama kazi. Ni mtu mpole, hupaza sauti kanisani tu. Akakuta majoho mawili yaliyokamilika na mchoro wa benchi. Akachukua joho ambalo halijapunguzwa, akalivaa. Mikono ikafika magotini. Akasimama hivyo katikati ya baraza, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Sikucheka. Naandika hapa kwamba sikucheka. Tobia ndiye aliyekohoa.

"Bwana Amiri," Mwalimu akasema, polepole, "wale watu wamefanya mazoezi tangu Januari. Wengine wanashuka kutoka mashambani kwa miguu, saa mbili kuja, saa mbili kurudi. Nitawaambia nini?"

Ningeweza kuvumilia kelele. Hiyo sauti ya chini sikuiweza. Nikamwahidi Jumamosi ya tarehe 22, adhuhuri. Akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Mlangoni Mzee Jafari alikuwa amesikia kila kitu.

Nyumbani nikamweleza Hidaya. Hakusema neno. Miaka kumi na saba ya ndoa: Hidaya akisema sana, mambo ni mazuri. Akinyamaza, jihadhari.

Alinyamaza hadi akalala.


Alhamisi, 13 Juni

Hidaya hayupo. Amepanda gari la alfajiri. Binti yetu Halima anasema mama kaenda Mgwashi kwa bibi. Nikajua ndoa imekwisha. Sikuweza kushona kwa huzuni. Nilirekebisha benchi kwenye mchoro.

Saa tisa. Nainua kichwa. Hidaya anapanda ngazi za baraza na kapu. Nyuma yake, khanga mbili, fimbo, uso kama mlima wa Magamba asubuhi: Bi Tatu. Mama yake. Mkwe wangu!

Niliruka kigodani. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akaniuliza hali kwa Kishambaa, nikajibu nikitazama chini, kama inavyopasa. Hidaya akaweka kiti cha kuegemea mbele ya cherehani yangu. Si pembeni. Mbele! Hatua mbili. Akamketisha mama yake, akamfunika miguu kwa shuka, akampa ukindu wa kusuka. Kisha akaniambia, kwa sauti tamu ambayo sijaisikia tangu posa, kwamba mama amechoka na baridi ya Mgwashi, anataka kupumzika Lushoto wiki moja, atakaa hapa barazani apate jua.

Hakuna jua. Kuna ukungu tangu Mei.

Kwetu mtu hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mgongo. Hainuki mbele yake bila kuaga. Na kuaga kunataka sababu. Na sababu ya haja ndogo, mtu mzima huitumia mara mbili kwa siku, ya tatu ni aibu.

Nimekwisha.


Ijumaa, 14 Juni

Nimejaribu yafuatayo.

Saa mbili: nilimwambia Bi Tatu kwamba kuna jua upande wa pili wa barabara. Akasema upande huu unamtosha.

Saa tatu: nilisema sindano imevunjika, niende sokoni. Akafungua fundo la khanga, akatoa sindano. Ya cherehani! Namba ile ile! Hidaya, Hidaya.

Saa nne: nilimletea redio ya Mzee Jafari nikitumaini atasinzia. Bi Tatu hasinzii. Anasuka ukili, vidole vinakwenda, macho yako kwenye ukili, lakini kila nikisimamisha mguu kwenye pedali, vidole vyake navyo vinasimama. Haniulizi kitu. Vinasimama tu. Ukimya unaingia barazani kama mgeni. Nakanyaga tena.

Saa sita nilikwenda Ijumaa kwa haki yangu yote. Nikafikiria kupitia kwa Omari. Kisha nikamfikiria mama wa watu kakaa kwenye baridi anatazama cherehani tupu. Nikarudi. Kwa miguu yangu mwenyewe!

Majoho: matatu leo. Sielewi yametoka wapi.


Jumamosi, 15 Juni

Matatu tena. Mgongo unauma mahali ambapo sikujua nina mgongo.

Nimegundua Bi Tatu analitoa joho moja tu kwenye rundo na kuliweka mezani. Mengine anayakalia. Kwa kweli, anayakalia! Joho ninalotaka kulianza kabla sijamaliza la kwanza liko chini ya mama mkwe wangu. Nani ataliomba?

Omari alikuja na habari za mtu mwenye mbao za benchi. Alipopanda ngazi akamwona Bi Tatu. Akaamkia. Akashuka ngazi.

Tobia kaniuliza nimempata wapi msimamizi. Nikasema ni mgeni wangu, kapenda kutazama ufundi. Tobia akasema, "Mgosi, ningekuwa na mgeni kama huyo ningekuwa nashona suti za mawaziri."


Jumatatu, 17 Juni

Jambo limetokea. Nitaliandika kama lilivyo.

Adhuhuri mvua nyembamba. Hakuna wateja. Nilikuwa kwenye joho la kumi na moja, nikakosea mkono: wa kushoto nimeuweka kulia. Kwa mara ya tatu. Nikatupa mkasi chini. Mbele ya mkwe! Nikasema, si kwake, kwa nafsi yangu tu, kwamba mtu mwenye miaka arobaini na moja asiyejua kulia na kushoto ni bora akaponde mawe barabarani.

Bi Tatu akainama, akaokota mkasi, akaufuta kwa khanga.

"Baba yake Hidaya alikuwa hivyo hivyo," akasema.

Marehemu Mzee Juma ninamkumbuka: mtu mcheshi, anacheka kabla ya kumaliza hadithi, na aghalabu haimalizi.

"Tuta moja analima hapa, lingine kule, la tatu kwa jirani kwa makosa," akasema Bi Tatu. "Mgwashi nzima walimwita Upepo. Mimi nami nilimsema, miaka miwili. Nikimsema anatoka, anakwenda mbali zaidi. Basi nikaacha. Nikawa nachukua jembe langu, nalima karibu naye. Sisemi kitu. Akiona tuta langu linakwenda, lake nalo linakwenda."

Nikamwambia, nikitazama chini, kwamba Sista Yusta amesomea jambo hilo hilo Denmark, mwaka mzima, kwa ndege. Kumbe dawa alikuwa nayo yeye Mgwashi siku zote.

"Dawa gani?" akasema Bi Tatu. "Alikuwa mume wangu."

Akanirudishia mkasi. Nikafumua mkono. Nikauweka upande wake. Moshi wa mkaa tena. Hili baraza lina moshi sana.

Majoho: kumi na mawili.


Alhamisi, 20 Juni

Ishirini na manne! Manne yamebaki!

Sista Yusta amepita, akaona. Nikamwamkia kwa fahari, nikamwambia mbinu zangu zinafanya kazi. Akamtazama Bi Tatu, akampigia magoti kumsalimia, wakazungumza Kishambaa kwa chini muda mrefu, wakicheka. Sikupenda. Sista akaandika mambo kwenye daftari lake. Alimwandika Bi Tatu, si mimi.

Jioni habari mbaya. Mgwashi kuna msiba, jirani wa Bi Tatu. Lazima aondoke kesho alfajiri. Nimempa pole. Nimemsindikiza hadi nyumbani. Ndani yangu, Mungu anisamehe, sauti ndogo ilisema: uhuru!

Manne tu. Mtu hahitaji kulindwa kwa majoho manne.


Ijumaa, 21 Juni

Saa mbili nimekaa. Kiti mbele yangu kitupu. Rundo halijakaliwa. Nikaanza joho la ishirini na tano, kola. Kisha nikaona afadhali nikate pindo la la ishirini na sita mkasi ukiwa mkononi. Kisha uzi mweupe ukaisha.

Nikatoka kununua uzi. Hatua hamsini, kwenda na kurudi.

Njiani kuna mnada. Mali za shirika letu la zamani! Zimepangwa uwanjani kwenye nyasi: makabati, mashine za kupiga chapa, feni (nani alihitaji feni Lushoto?). Na meza yangu! Meza yangu ya stoo niliyoikalia miaka tisa! Nilifungua droo. Ndani mlikuwa na nusu ya barua niliyoanza kumwandikia mkurugenzi mwaka 1987. Nikaketi kwenye nyasi nione atakayeinunua. Aliinunua mtu wa hoteli, atapangia juu yake kuku wa kuchoma. Nilimweleza droo ya kushoto inavyokwama na namna ya kuipiga ngumi. Kisha wakaja kwenye makabati, ikabidi nitazame na makabati.

Nilisikia adhana ya alasiri.

Alasiri!

Nilikimbia. Uzi sikununua. Nilipopanda ngazi, kijasho chembamba, nikaona mtu kwenye kiti cha Bi Tatu. Tobia! Amebeba sare za shule mapajani, anashona vifungo kwa mkono. Majoho matatu ameyakalia. Moja liko mezani. Juu yake kibunda cha uzi mweupe.

Nikamuuliza anafanya nini kwenye kiti cha mkwe wangu.

Tobia akasema Bi Tatu alimpitia alfajiri, kabla ya gari. Alimwamsha mlangoni kwake. Alisema, "Kijana, kiti changu kisilale bure." Tobia ana miaka hamsini na tatu. Akasema ameogopa kukataa.

Nilitaka kujibu kitu kikali. Nilitafuta. Yeye akaendelea na vifungo vyake, kifungo baada ya kifungo. Nikakaa. Nikatunga uzi. Tulishona hadi mwanga ukaisha, na hatukugombana hata kidogo. Ilikuwa karibu tuzungumze.

Majoho: ishirini na saba. La mwisho nitalimaliza asubuhi. Tobia kasema atakuja mapema.


Jumapili, 23 Juni

Bumbuli! Nimesafiri na kwaya nzima kwenye lori la kabichi. Jana adhuhuri Mwalimu Danieli alihesabu majoho mara mbili, hakuamini, akahesabu ya tatu. Akaninong'oneza kwamba lazima nije nione mwenyewe. Mzee Jafari naye akatoka dukani, akapapasa kola, akasema yule wa mitumba amempatia mahali pengine.

Wakaingia. Zambarau tupu, kola nyeupe kama maua ya viazi. Watu wakasema aaah kabla hawajaimba. Mimi nimesimama nyuma, kofia mkononi, kifua mbele.

Kisha akaingia Silvano.

Nilikuwa nimepunguza majoho ishirini na nane. Yote. Na la Silvano, ambalo peke yake lilikuwa sahihi tangu mwanzo, nalo nimelipunguza kwa kipimo cha Esta, sauti ya kwanza. Lilimfika magotini. Mikono ikaishia viwikoni. Lakini Silvano ni mtu wa Mungu: akasimama mstari wa nyuma, akaimba mpaka vioo vikatetemeka. Mama mmoja wa Bumbuli kaniuliza kama ndiyo mtindo mpya wa besi. Nikamwambia ndiyo, wa Denmark.

Wamekuwa wa pili. Wa pili kati ya kwaya tisa! Waliporudi garini walinipa nafasi mbele, na Silvano akanishika bega, akasema joho lake linamwachia miguu hewa nzuri. Njia nzima waliimba. Tangu shule sijawahi kumaliza kitu watu wakiwa bado wanakisubiri. Nilitazama dirishani, na hakuna aliyenichapa.


Jumanne, 25 Juni

Nimechunguza kwa makini sababu ya ushindi. Nimeondoa moja moja. Ukungu? Hapana. Kitambaa? Hapana. Sababu ni mimi. Nimepona.

Tobia alinijia asubuhi, mwenye haya, akapendekeza tusogeze cherehani zetu pamoja katikati ya baraza, yeye ashone yake, mimi yangu, ubavu kwa ubavu. Namwonea huruma. Amenizoea siku mbili tu, tayari anahitaji mtu wa kumtia moyo. Nikamwambia nitafikiri. Hidaya kaniuliza kama amwite mama yake arudi msiba ukiisha. Nikasema mama apumzike, amekuja kwetu hakupata hata jua.

Badala yake nimehamisha meza yangu stoo, nyuma ya duka, peke yangu, mlango umefungwa. Mtu mwenye umakini anahitaji utulivu.

Habari zimeenea. Tangu asubuhi nimekubali sare sabini za shule, mapazia ya nyumba ya wageni na gauni la harusi la binti wa Soni. Zote za Jumamosi ya wiki ijayo. Nilikubali papo hapo, kwa sababu sharti lile ni la wagonjwa.

Gauni ndilo la haraka zaidi, kwa hiyo saa nne nilitoka kwenda kununua lesi. Njiani nimekutana na mtu kutoka Amani anauza mashine ya kutotolesha vifaranga. Inatumia taa ya mafuta. Mayai mia na ishirini kwa mkupuo! Sikuamini nchi hii inakokwenda. Nimeiweka juu ya meza ya kushonea, hapo ndipo penye joto la pasi.

Anasema kazi yenyewe si kitu. Ni kuyageuza tu, yai moja moja, mara tatu kwa siku, siku ishirini na moja, bila kusahau hata mara moja.

Mara tatu tu!